Simu inaongea, kundi linanyamaza: matatizo ya kila siku ya watu wenye ulemavu mtandaoni na namna ya kuyatatua

Mimi si fundi wa kufungua simu. Sina bisibisi wala mashine ya kupuliza moto. Kazi yangu ni mipangilio: Jumamosi natoa meza barazani, naweka hedifoni, waya wa chaji na kitambaa cha kufutia kioo, na watu wananiletea simu za wasioona, viziwi, wenye uoni hafifu na wale ambao mikono haiwatii. Baada ya muda nikagundua matatizo ni yaleyale. Mtu anabadilika, simu inabadilika, dalili inabaki.

Nimeyaandika kwa dalili, kama watu wanavyozisema wenyewe wakifika. Chini ya kila dalili naanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi, kisha kile cha nadra. Maelezo ni ya Android kwa kuwa ndizo simu zilizojaa mikononi mwetu. Mwenye iPhone aweke VoiceOver kila ninaposema TalkBack (zote mbili ni visoma skrini, programu za kumsomea asiyeona), mengi yanafanana. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kwa kila kampuni. Simu iliyo kwa Kiswahili ina Mipangilio na Ufikivu; iliyo kwa Kiingereza ina Settings na Accessibility.

Kabla hujagusa chochote, muulize mwenye simu, si aliyemsindikiza. Ukimtazama mpwa na kumuuliza "huyu anataka nini?" ilhali shangazi mwenyewe kakaa palepale, umeshaiharibu kazi. Mpe shikamoo yake, mwambie unachotaka kubonyeza, na simu ibaki mkononi mwake kila inapowezekana. Ukimfanyia kila kitu wewe, wiki ijayo atarudi na tatizo lilelile.

"Simu imeanza kuongea yenyewe na haikubali kuguswa"

Hii ndiyo inayoongoza, na mara nyingi anayeileta anaona vizuri tu. "Kijana wangu, simu imeingiwa na virusi," mzee mmoja aliniambia. "Nikigusa inanitajia jina, kufungua haifungui." Fundi wa kwanza alishamwambia kioo kimekufa, na bei akamtajia.

Kioo kilikuwa kizima. TalkBack, ile programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini, ilikuwa imewashwa bila kukusudia. Simu nyingi zina njia ya mkato: vitufe viwili vya sauti vikibanwa pamoja kwa sekunde 3, inawaka. Hubanwa mfukoni, kwenye pochi, au mkononi mwa mjukuu.

Jaribu kwanza kubana vitufe hivyohivyo viwili kwa sekunde 3. Mara nyingi inazima hapohapo na mtu anacheka.

Isipozima, ujue simu sasa ina sheria nyingine. Ukigusa mara moja, inasoma tu. Ukigusa mara mbili harakaharaka, popote kwenye kioo, inafungua kile kilichosomwa mwisho. Kusogeza ukurasa unatumia vidole viwili, si kimoja. Kwenye kuingiza namba ya siri, tafuta tarakimu kwa kidole, isikie, kisha gusa mara mbili. Kwa mwendo huo nenda Mipangilio, Ufikivu, TalkBack, uzime. Ina kero, lakini dakika tano zinatosha.

Mwenye simu akiwa anafunga kwa kuchora mchoro, mshauri abadilishe atumie tarakimu. Kuchora huku TalkBack inaongea ni mateso hata kwa mzoefu.

Simama hapa: asikushawishi mtu "kuiflashi" simu kwa sababu inaongea. Kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani kunafuta picha, namba na jumbe, kisha simu inadai akaunti ya Google iliyokuwepo. Mzee asiyekumbuka nywila yake anabaki na tofali la kuzuia mlango.

Na kinyume chake, kwa anayeihitaji: simu mpya ikiwa bado kwenye ukurasa wa kwanza wa kukaribisha, bana vitufe viwili vya sauti na TalkBack itawaka. Asiyeona anaweza kuianzisha simu yake mwenyewe tangu inatoka kwenye boksi. Wauzaji wengi hawalijui hili.

"TalkBack imewashwa lakini haisemi kitu"

Anza na sauti. TalkBack ina kiwango chake cha sauti, mbali na cha muziki na cha mlio. Bonyeza kuongeza huku ukitembeza kidole kwenye kioo, ili uongeze sauti ya TalkBack yenyewe. Halafu angalia bluetooth: mara kadhaa nimekuta simu inaongea vizuri kabisa, ila inaongelea kwenye spika iliyoko chumba cha pili.

Kama sivyo, injini ya kusoma imeondolewa. TalkBack haina sauti yake. Inaazima kwa programu nyingine, ambayo kwenye simu nyingi ni ile ya huduma za matamshi ya Google. Simu ikijaa, mtu mwema anakuja "kuisafisha", anakuta programu asiyoijua inakula nafasi, anaizima. Ndugu yake asiyeona anabaki na simu bubu. Irudishe kutoka Play Store, uiwashe.

Nyingine huzimika zenyewe baada ya saa chache. Hapo mtuhumiwa ni kitunza betri. Kuna kampuni zinazoua programu zinazofanya kazi chinichini ili chaji idumu, na TalkBack inasombwa humohumo. Kwenye mipangilio ya betri, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi.

Ikiwa hata nyimbo hazitoki kwenye spika, ondoka kwenye mipangilio. Hiyo ni kazi ya fundi.

"Inasoma Kiswahili kama Mzungu aliyeshuka jana"

"Shikamoo" inageuka "shaikamuu". "Nane" inasomwa kama jina la mtu. Mama mmoja aliniambia amekuwa akisikiliza jumbe za mwanawe mwaka mzima kwa kubahatisha, akidhani simu za bei yake ndivyo zilivyo.

Chanzo ni lugha ya sauti kuachwa kwenye Kiingereza. Injini ya Google inayo sauti ya Kiswahili, ila mara nyingi inabidi uipakue. Ingia Ufikivu, tafuta sehemu ya kubadilisha maandishi kuwa matamshi, chagua Kiswahili, pakua data ya sauti ukiwa na bando la kutosha au Wi-Fi, kisha bonyeza kitufe cha kusikiliza mfano. Simu ikiwa na nafasi finyu kuna eSpeak NG, injini ndogo sana inayojua Kiswahili. Sauti yake ni ya bati, ila inaeleweka, na wanaopenda kusikiliza kwa kasi huisifu.

Baada ya hapo litaibuka tatizo la pili. Simu ikiwa kwa Kiingereza na sauti kwa Kiswahili, "Settings" inatamkwa "se-ti-ngi-si". Una njia mbili. Ya kwanza ni kuibadilisha simu nzima iwe Kiswahili. Ya pili, kwa anayesoma habari za lugha zote mbili, ni kumfundisha kubadili lugha ya kusoma kupitia menyu ya TalkBack, ambayo hufunguka ukigusa kwa vidole vitatu pamoja. Kwenye simu za zamani unachora kwa kidole kimoja, chini kisha kulia. Muulize anachopenda. Mimi nilikuwa nawawekea wote Kiswahili, mpaka mwalimu mmoja asiyeona aliponiambia kwa upole kwamba nimemharibia simu.

Usiishangae kasi. Mzoefu anasikiliza haraka kiasi kwamba wewe unasikia mvumo tu. Ukimpunguzia "ili asikie vizuri" umemfunga miguu.

Kama lugha ni sahihi na bado anasikia upuuzi, kagua kilichoandikwa. "2po xaxa, cjui m2 gan kachukua" inatoka kama nyuzi zilizokatika: mbili-po, ksaksa. Kisoma skrini hakina ujana. Jina la kundi lililoandikwa kwa herufi za mapambo, zile za kupindapinda watu wanazonakili mtandaoni, huweza kurukwa lote au kutajwa alama moja moja. Na ukimaliza sentensi kwa vikatuni kumi vya kucheka, mwenzako anasomewa uso, machozi, uso, machozi, mpaka anasahau ulichokuwa unasema.

"Inasema 'kitufe' tu" au "inasema 'picha' tu"

Dalili moja, familia mbili.

Kitufe kisicho na jina ni kosa la waliotengeneza programu. Walichora alama ya mshale na hawakuiandikia maneno ya kusomwa, kwa hiyo TalkBack haina cha kusema. Kwanza sasisha programu, huenda wamesharekebisha. Kama bado, baadhi ya vitufe unaweza kuvipa jina mwenyewe: kiwekee kidole, fungua menyu ya TalkBack, tafuta sehemu ya lebo, andika "tuma" au "rudi", na kuanzia hapo itasoma hivyo. Chaguo hilo lisipotokea, huna la kufanya kwenye simu. Waandikie wenye programu. Usiandike "haifanyi kazi". Andika ukurasa gani, kitufe cha ngapi, TalkBack inasema nini. Ni programu ya benki au ya serikali? Taja na sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unataja kwenye kifungu cha 9 ufikivu wa teknolojia ya habari na mawasiliano. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Kenya ilitoa mwaka 2022 kiwango chake, KS 2952, kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia. Barua yenye mambo hayo husomwa tofauti na malalamiko.

Picha ni habari nyingine. Hapa simu haina kosa lolote.

Chukua kundi la WhatsApp la ukoo. Asubuhi inaingia picha: kadi ya msiba, ina jina la marehemu, mahali pa maziko, saa, na namba ya kutuma rambirambi. Zinafuata jumbe arobaini: "pole sana", "poleni wanafamilia", "Mungu ampumzishe". Mjomba asiyeona yumo humohumo. Anachosikia ni: picha. Pole sana. Poleni. Anajua kuna mtu amekufa, hajui ni nani. Aliyenisimulia hili alipiga simu nyumba tatu kabla hajajua kuwa ni mke wa kaka yake.

Kadi za michango ya harusi ni hivyohivyo, na ratiba za vikao, na barua ya shule iliyopigwa picha juu ya goti la mtu. Hata PDF, ikiwa ni karatasi iliyoskaniwa, kwa kisoma skrini ni picha tu.

Upande wa anayepokea, anaweza kuifungua picha kwa Google Lens au Lookout, ambazo husoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Zinasaidia herufi zikiwa nyoofu. Kadi ya harusi ya maandishi ya dhahabu yaliyojikunja juu ya maua itazishinda. Ipo pia Be My Eyes, iliyoanza Denmark mwaka 2015, ambamo mtu wa kujitolea anakuangalizia kwa video. Ila kwa kadi ya msiba wa nyumbani, nani anataka kumsomesha mgeni?

Dawa iko upande wa anayetuma. Tofauti na Facebook na X, WhatsApp haina sehemu ya kuandikia maelezo ya picha yaliyofichwa, kwa hiyo andika kwenye nafasi ya maneno chini ya picha: "Kadi ya msiba. Bi Fulani, mke wa Fulani, amefariki jana. Maziko Alhamisi saa 10 jioni, makaburi ya hapa kijijini. Rambirambi kwa mweka hazina." Sentensi nne. Na wale wenye kioo kilichopasuka, au bando lisilofungua picha, watakushukuru bila kukuambia.

"Yumo kundini lakini habari hazimfikii": kiziwi na jumbe za sauti

Sisi ni watu wa kuongea, na ujumbe wa sauti umetukuta tayari. Mwenyekiti wa kikundi anarekodi dakika nne akiwa kwenye bodaboda, upepo unavuma, na humo ndani kuna uamuzi wa kila mtu kuchangia. Kiziwi anaona mstari wa mawimbi na alama ya kucheza.

Ukaguzi rahisi: pandisha juu mazungumzo ya siku saba, hesabu maamuzi yaliyofanyika kwa sauti peke yake. Kama yapo hata mawili, tatizo ni kundi, si simu. Wekeni utaratibu kwamba anayetuma sauti anaongeza mstari mmoja wa maandishi: nini, lini, kiasi gani.

Kwa sauti iliyokwisha kutumwa, mnaweza kutumia Live Transcribe, programu ya Google iliyotoka mwaka 2019, inayogeuza maneno kuwa maandishi na ambayo Kiswahili inakijua. Kwa jumbe za sauti nimeona simu mbili ni bora: moja icheze ujumbe kwa spika, nyingine iwe karibu inaandika. Inahitaji intaneti kwa Kiswahili. Inakosea majina ya watu, inakosea zaidi lafudhi ikiwa nzito au mtu akichanganya Kiswahili na Kisukuma, na namba za pesa usiziamini bila kuuliza tena. Kile kipengele cha manukuu ya moja kwa moja kinachojitokeza kwenye video usikitegemee kwa Kiswahili.

Chanzo cha pili watu hawakifikirii: maandishi yenyewe. Kwa kiziwi aliyekulia kwenye Lugha ya Alama, Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili. Lugha ya Alama ina mpangilio wake wa maneno. Si Kiswahili cha mikono. Mtu akiandika "mimi kesho kuja soko hapana", hajachanganyikiwa na hajakosa shule. Jibu kwa sentensi fupi, uweke jambo moja kwa kila ujumbe, na acha mafumbo. "Tutaangalia upepo" ni ujumbe mbovu hata kwa wanaosikia.

Cha tatu ni video inayoganda. Kwa kiziwi, simu ya video ndiyo simu. Ikikwamakwama, mikono inageuka ukungu. Kabla ya kulaumu mtandao angalia mwanga: dirisha liwe mbele yenu, si nyuma. Simu isimame kwenye kitu, kikombe kinatosha, ili mikono yote miwili iwe huru. Ukuta wa nyuma uwe mtupu, na vazi lisiwe la maua makubwa. Kisha ndio zima programu nyingine zinazokula bando.

Cha nne: hajui kama kuna ujumbe umeingia. Washa mtetemo, na tafuta kwenye Ufikivu mpangilio wa kuwaka taa ya kamera kila arifa inapoingia. iPhone wanao, Samsung wanao, na Android kuanzia toleo la 14 inao.

Simama hapa: kama jambo ni la hospitali, polisi, mahakama au mkataba, usitumie programu wala mtoto wa nyumbani anayejua ishara mbili tatu. Tafuteni mkalimani wa Lugha ya Alama. Tanzania, pa kuanzia ni CHAVITA, Chama cha Viziwi. Neno moja likikosewa pale hakuna kitufe cha kurudisha nyuma.

"Menyu ya pesa inakatika kabla sijamaliza"

Unapiga ile namba ya nyota na reli, menyu inakuja, TalkBack inaanza: moja, tuma pesa, mbili, toa pesa, tatu... Inafika ya sita, kikao kimeisha. Menyu hizi zina muda, na muda ule ulipimwa kwa macho.

Kwanza ongeza kasi ya kusoma. Pili, usisubiri: tarakimu ya kila hatua inaweza kukaririwa, na aliyekariri njia ya kutuma pesa anaandika 1 bila kusikiliza orodha nzima. Andikeni njia hizo mara moja, mzifanyie mazoezi kwa kuangalia salio kwanza. Tatu, jaribu programu ya simu ya mtandao huohuo badala ya menyu ya nyota. Haikatiki haraka, na nyingine hufunguka kwa alama ya kidole.

Halafu kuna namba ya siri. TalkBack inaweza kuitamka kwa sauti mbele ya foleni nzima. Zima kwenye mipangilio ile ruhusa ya kutamka nywila, vaa hedifoni sikio moja, na tumia chaguo la kuficha skrini lililomo kwenye menyu ya TalkBack: kioo kinakuwa cheusi, simu inaendelea kuongea sikioni, na anayechungulia begani anatazama giza.

Hapa sina mzaha. Kama mtu wa tatu, awe wakala, jirani au mtoto wa kuzaa, ndiye anayeishika namba ya siri "kwa kumsaidia", tatizo limeshatoka kwenye mipangilio. Badilisheni namba siku hiyohiyo, yeye mwenyewe akibonyeza. Akigundua pesa zimepungua, apige huduma kwa wateja ya mtandao wake mara moja na kutoa taarifa polisi. Usikae kikao cha kupatanisha kwanza. Pesa za simu hazisubiri kikao.

"Nikigusa hiki, kinafunguka kile"

Mikono inayotetemeka, mtindio wa ubongo, kiharusi, au vidole visivyo kamili. Anza kwa kuiweka simu isitembee: kipande cha mpira wa ndala chini yake kinaishika mezani kuliko vishikio vingi vya dukani. Kisha ingia Ufikivu, urefushe muda wa kugusa na kushikilia, na kama simu ina chaguo la kupuuza miguso inayojirudia, liwashe. Kuza pia ukubwa wa vitu kwenye skrini, ili vitufe visibanane.

Kuandika: kibodi ya Google inakubali Kiswahili kwa kusema, tangu 2017. Mtu asiyeweza kugonga herufi tatu mfululizo anaweza kuamrisha barua nzima. Kama maneno yake hayatoki vizuri, usimlazimishe njia hiyo.

Siri ambayo nimeifurahia zaidi ni mausi ya kompyuta. Kwa kiunganishi kidogo cha OTG, mausi ya kawaida inaingia kwenye simu nyingi za Android na mshale unatokea kwenye kioo. Unaweza kuwasha ubonyezaji wa kujiendesha, mshale ukitulia unabonyeza wenyewe. Kijana mmoja anaisukuma kwa kisigino. Kundi lake la mpira halijui, wanalalamika tu kwamba anajibu haraka mno. Kiunganishi kikikataa, huenda simu haina uwezo huo au OTG imezimwa kwenye mipangilio. Programu ya Google ya kuamuru simu kwa sauti ipo, ila haijui Kiswahili, kwa hiyo inamfaa anayejua Kiingereza.

Mkono uliokuwa unafanya kazi jana ukilegea leo, au mdomo ukaenda upande, weka simu chini umpeleke hospitali. Hiyo si dalili ya humu.

"Naona, lakini sisomi"

Fupi tu hii. Uoni hafifu, na wengi wenye ualbino: kuza maandishi, washa ukuzaji wa kugusa mara tatu, jaribu mandhari meusi, na kwa mwanga unaoumiza macho tumia upunguzaji wa ziada uliopo kuanzia Android 12. Usimalize yote kwa pamoja. Badilisha moja, mpe siku mbili. Kama anasogeza simu mpaka inagusa pua hata baada ya hayo, mfundishe TalkBack bila kuona haya. Wanaotengeneza mabango: njano juu ya nyeupe haisomeki. Kanuni za kimataifa za ufikivu wa wavuti zinataka utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake. Anayeona ukungu ghafla, au pazia jeusi upande mmoja wa jicho, ni wa daktari wa macho leo, si Jumamosi kwangu.

"Laini haisajiliki, mashine inakataa vidole"

Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na mashine haikufikiria mtu aliyepoteza vidole kwa ukoma, wala mama aliyeponda kokoto mpaka ngozi ikawa laini kama kioo. Osha mikono, ikauke, safisha kioo cha mashine, jaribu vidole vingine. Ikishindikana, achana na wakala wa mwamvuli, nenda ofisi ya mtandao wenyewe na kitambulisho, ueleze hali. Wakikuzungusha, chama chako cha watu wenye ulemavu kiende nawe. Wawili wanasikilizwa kuliko mmoja.

Usisajili kwa kidole cha mtu mwingine. Laini itakuwa yake, na pesa zilizomo zitakuwa na maneno.

"Kila kitu kinafanya kazi, ila ameacha kuingia"

Hii hailetwi mezani kwangu. Naigundua mwenyewe, mtu akikaa wiki tatu kimya.

Chanzo cha kwanza ni bando, na watu wanaona haya kulisema. Kisoma skrini hakili data nyingi, video za Lugha ya Alama zinakula. Muulizeni faragha, si kundini.

Cha pili: aliandika, hakuna aliyejibu. Rudi nyuma utafute ujumbe wake wa mwisho. Mara nyingi utaukuta: swali la maana, limezikwa chini ya picha za "asubuhi njema". Lijibu sasa, hata kama limechelewa, ukilinukuu ajue ni lake.

Cha tatu: alichekwa. Labda kwa tahajia, labda kwa video yake ya alama kufanywa kikatuni na kusambazwa. Msimamizi akifute, amwandikie aliyetuma, na amwambie mwenzetu kwamba kimefutwa. Asingoje kuulizwa.

Cha nne, cha nadra, ndicho kinachonitia hofu: simu anaishika mtu mwingine. Majibu yanakuja kwa mwandiko usio wake, au kila ukipiga unaambiwa amelala. Hapo usitume ujumbe. Nenda nyumbani, na mtu wa pili, mchana, na uombe kumwona mwenyewe. Ukiona amefungiwa, ananyanyaswa au anazungumza habari za kutotaka kuishi, waite ustawi wa jamii na polisi siku hiyo, na usimwache peke yake mpaka wafike.